Nguo za marehemu dada yangu zilikaa kwa gunia miaka sita: jinsi blanketi lake lilivyoisha

Wakuu, hamjambo. Wale mko Nakuru na haya matope ya wiki hii, poleni.

Mimi huwa msomaji tu humu. Lakini juzi niliona dada mmoja akiuliza afanye nini na sweta alizoanza kufuma akaziacha. Wengi walimwambia ajipe moyo, aweke ratiba, aanze na ndogo. Nilitaka kumjibu palepale, nikaona jibu langu ni refu kuliko swali lake.

Majina nimebadilisha kwa sababu watu wa kwetu wanasoma humu. Mengine yote ni kama yalivyokuwa, na pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Nina miaka arobaini na miwili. Naishi Lanet. Kazi yangu ni karani kwenye ghala la nafaka. Lori likishuka na ngano kutoka Mau Narok, mimi ndiye naandika limeingia saa ngapi, limebeba magunia mangapi, na nani ametia sahihi.

Nawaambia hivyo ili mjue mimi si mtu wa ovyo. Kazini hakuna kitu changu kinalala nusu. Nyumbani, kwa miaka sita, kila nilichoshona kilikuwa nusu.

Ninachoshona ni quilt, yaani blanketi la viraka. Kwa wasiojua: unakata vitambaa vipande vya mraba, unaviunganisha kimoja kimoja hadi vitoshe kitanda. Chini yake unaweka blanketi kuukuu la kuleta joto, na nyuma yake kitambaa kizima. Halafu unashona hayo matabaka matatu pamoja kwa mkono, mstari baada ya mstari, ili yasitembee. Mwisho unazungusha pindo.

Ni kazi ya miezi. Mtu akikuambia ameshona moja wiki moja, muulize mashine ilikuwa ya nani.

Nilifunzwa na Mama Preet. Huyu ni mama wa familia ya Singasinga, amezaliwa hapa Nakuru, na zamani nilifanya kazi kwenye duka lao la vitambaa kabla ya kupata kazi ya ghala. Kwao vipande vya mwisho wa roli havikutupwa. Alinikalisha chini wakati duka halina wateja akanionyesha. Ana mdomo mkali, lakini hajawahi kunificha kitu anachokijua.

Sasa nifike kwa dada yangu.

Njeri alikuwa ananifuata mimi kwa kuzaliwa. Alikuwa anauza mboga Subukia, karibu na nyumbani kwetu, na alikuwa na mtoto mmoja, Nyambura. Aliugua kwa muda mfupi, akaletwa hospitali hapa mjini, na akafariki. Nyambura alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alibaki na mama yangu, ambaye sote tunamwita Shosho.

Kwa boma letu kuna siku ya nguo. Mazishi yakiisha, baada ya siku chache, wanawake wa ukoo wanakutana. Nguo za marehemu zinafuliwa, zinakauka, kisha zinaletwa katikati. Shangazi mkubwa anainua moja moja. Mtu anasema, "Hiyo naijua, aliivaa siku fulani," anaeleza kidogo, na anaondoka nayo. Hakuna anayeenda mikono mitupu. Jioni ikifika kabati liko wazi, na watu wanajua wameagana na mtu wao.

Mzazi peke yake ndiye hachukui. Kwetu mama hagawiwi nguo za mtoto wake. Yeye anapika chai.

Siku ya nguo za Njeri, shangazi yetu mkubwa, Tata Wangari, aliinua nguo ya kwanza. Ilikuwa blauzi ya maua. Kabla hajafungua mdomo, mimi nikasimama.

Nikasema, "Naomba mniachie zote. Nitamshonea Nyambura blanketi moja, awe na mama yake mahali pamoja. Nipeni mwaka."

Nilikuwa nalia. Mtu anayelia hakataliwi. Wakaniachia.

Tata Wangari alikunja ile blauzi akairudisha kwa gunia. Akaniuliza swali moja tu: "Na sisi tutaenda na nini?"

Nikafunga gunia. Niliona ni swali la uchoyo.

Nilikuja Nakuru na gunia zima. Miezi ya kwanza nilikata magauni matatu, nikapata viraka arobaini na kimoja. Halafu nikaacha.

Kuna mtu lazima ataniuliza kwenye comments, "Miaka sita ulikuwa unafanya nini?" Nitamjibu kabisa. Nilikuwa naanza vitu vingine. Nilianza quilt ya mtoto wa jirani alipozaliwa. Huyo mtoto sasa anasoma na anajua kunisalimia kwa Kiingereza. Nilianza nyingine ya mto wa kiti. Na kulikuwa na moja ya kanisa ambayo ilikuwa imesimama tangu mwaka Njeri alipofariki. Kwa jumla nne, ukihesabu na ya Njeri. Zote zilikuwa juu ya kabati, na gunia la Njeri nyuma kabisa, karibu na ukuta.

Mwaka wa kwanza ulipopita nilisema kazi ni nyingi. Wa pili nikasema natafuta kitambaa cha nyuma. Wa tatu wakaacha kuniuliza, na mimi nikafikiri wamenielewa.

Hawakuwa wamenielewa. Walikuwa wamepata maelezo yao wenyewe.

Mwaka huu Nyambura alipata nafasi ya kusomea uuguzi. Alinipigia simu kunieleza. Nikampongeza. Nikamuuliza anahitaji nini. Akataja vitu viwili vitatu, ndoo, shuka, padlock.

Halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na Auntie, ile maneno ya blanketi, usijisumbue. Mimi nilishajua."

"Ulijua nini?"

"Si waliniambia nguo ziliuzwa. Sina shida. Najua maisha ilikuwa ngumu."

"Nani alikwambia ziliuzwa?"

"Watu tu. Kitambo. Auntie, sina kinyongo, haki."

Wakuu, angenitukana ningejua la kufanya. Alikuwa amenisamehe kosa ambalo sikulifanya, tangu akiwa mtoto, na alikuwa ameishi nalo. Kila Krismasi nilipokuwa naenda Subukia na mkate na sukari, alikuwa ananitazama akijua, kwa maoni yake, kwamba nilimuuza mama yake kwa mitumba.

Nilimwambia ziko. Akasema, "Sawa, Auntie." Ile sawa ya mtu anayetaka simu iishe.

Zilikuwa zimebaki wiki sita aripoti chuo.

Siku iliyofuata nilitoa kila kitu juu ya kabati. Nilifanya kama ninavyofanya kazini: nikaandika orodha, kila moja imefika wapi, imebakisha nini. Nikaamua kufuata ushauri kama ule mliompa juzi yule dada. Anza na ndogo, upate nguvu.

Nikamaliza ya mtoto wa jirani. Siku nane. Mama yake alicheka sana. Akasema, "Sasa itamfunika nini, miguu peke yake?" Lakini aliichukua.

Nikamaliza ya mto wa kiti. Siku tano. Nilijisikia vizuri. Nikapiga picha nikamtumia Mama Preet, nikaongeza emoji ya makofi.

Hakujibu picha. Alipiga simu.

"Umenitumia mto. Nani ameomba mto?"

"Ninaanza na ndogo, Mama Preet. Ili nipate motisha."

"Na ile ya dada?"

"Inafuata."

"Mtoto anaenda lini?"

Nikamwambia. Akasema, "Wewe unamaliza hizi ili usiguse ile. Hiyo si motisha, hiyo ni kujificha na sindano mkononi. Lete gunia hapa Jumamosi. Na ile ya kanisa pia lete."

Sikujua kwa nini anataka ya kanisa. Nafikiri yeye alishajua.

Jumamosi nilienda. Anaishi na mwanawe siku hizi, na ana chumba kimoja chenye dirisha kubwa na meza ndefu. Alitandika ile ya kanisa mezani. Ilikuwa karibu kwisha. Mistari ilikuwa imepangana vizuri, moja, mbili, tatu, hadi ukingoni. Pale ukingoni kulikuwa na sindano. Ilikuwa imebaki ndani ya kitambaa miaka yote hiyo, imeshika kutu, na kutu imeingia kwa kitambaa cheupe ikaacha alama kama ya chai.

Mama Preet akaivuta kwa koleo ndogo. Akaiweka mezani.

"Mimi nilikufunza kuacha sindano kwa kazi?"

"Hapana."

"Basi siku hiyo kulitokea nini?"

Nitawaeleza nilivyomweleza.

Ilikuwa Jumamosi, Njeri akiwa hospitali. Saa za kuona wagonjwa zilikuwa zinaanza mchana. Mimi nilikuwa nyumbani nashona hii ya kanisa, kwa sababu ilitakiwa Jumapili. Njeri akapiga simu. Sauti yake ilikuwa chini lakini alikuwa anaongea vizuri. Akaniuliza, "Unakuja saa ngapi?" Nikasema, "Namaliza huu mstari, nakuja."

Mstari mmoja kwa mkono ni kama dakika arobaini. Niliumaliza. Halafu nikaona umebaki mmoja tu kufika ukingoni, na mimi ni mtu nisiyependa kuacha kitu kikiwa kimebakisha kidogo. Nikaushona na huo.

Nilipofika wodi, pazia la kitanda chake lilikuwa limevutwa, na nesi akaniomba nikae.

Sikumbuki kama nilikaa.

Hiyo ndiyo sababu, wakuu. Haikuwa uvivu wala kukosa muda. Kila nikikaribia mwisho wa kitu chochote, mkono ulikuwa unasimama wenyewe. Kuanza niliweza, ningeanza hata kila wiki. Kumaliza ndiko kulikuwa kama kurudi kwa kiti nilichokalia nikishona siku ile, nikisikia, "Unakuja saa ngapi?"

Mama Preet hakuniambia si makosa yangu. Nilishukuru kwa hilo. Alimimina chai, akasukuma kikombe upande wangu, akafungua gunia.

Alitoa nguo moja moja. Viraka arobaini na kimoja kwa mfuko wa plastiki. Magauni mengine mazima. Sketi. Ile blauzi ya maua. Sweta. Leso mbili. Koti la kijani la kuendea sokoni asubuhi na baridi. Alipomaliza akaniuliza, "Hizi zote ni za nani?"

"Za Njeri."

"Njeri hayuko. Nauliza leo ni za nani."

Nikafungua mdomo kusema ni za Nyambura. Hapo nikamkumbuka Tata Wangari na swali lake.

Kazini kwetu mzigo ukiingia bila sahihi ya mwenyewe, unaandikwa pembeni. Hauwezi kusagwa, hauwezi kuuzwa, unakaa tu hapo hadi mwenyewe aje. Ndivyo nilivyokuwa nimefanya na nguo za dada yangu. Nilizipokea zote siku moja, na hakuna mwenye haki aliyetia sahihi. Wale wanawake hawakuwa wanataka blauzi. Walikuwa wanataka ile dakika moja ya kusema, "Hiyo naijua." Mimi niliwanyima, halafu nikashangaa kwa nini wamesema niliuza.

Kabla sijaenda Subukia nilimaliza ile ya kanisa. Mistari ilikuwa imekwisha, kilichobaki kilikuwa pindo. Nilishona pindo pale kwa Mama Preet, siku mbili, yeye akiwa mbele yangu akikata ndizi za kukaanga na kunisimulia mambo ya majirani zake. Alama ya kutu bado iko. Kanisa wameiweka kwa meza ya mbele, na hakuna aliyeuliza.

Halafu nikampigia Tata Wangari.

Nilimwambia naomba tukutane nyumbani Subukia, wanawake wote waliokuwepo siku ya nguo. Akasema, "Kuna nini? Umepata za kurudisha?"

"Nitakuja nazo zote, Tata."

"Zote?"

"Isipokuwa magauni matatu niliyokata."

Akakata simu. Lakini alikuja.

Walikuja saba. Tulikaa nje kwa sababu jua lilikuwa zuri. Shosho alikuwa jikoni anapika chai, kama siku ile. Nyambura alikaa mlangoni, hajaja karibu wala hajaenda mbali.

Tata Wangari alinipa mkono. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Karibu, mwenye duka la mitumba."

Wengine wakainamisha vichwa kuficha kicheko.

"Tata, sijauza hata kifungo."

"Vifungo ndivyo tutahesabu leo."

Nikamwaga gunia juu ya mkeka. Nilimwona Nyambura akisimama. Alikuja hadi ukingo wa mkeka, akatazama, akahesabu kwa macho. Kisha akakaa chini, karibu na ile sketi, lakini hakuigusa.

Nikaomba msamaha. Sikutoa hotuba. Nilisema, "Siku ile niliwakatiza. Nilidhani nahifadhi. Naomba Tata aanze pale alipoachia."

Nikaongeza sharti moja, nikijua linaweza kukataliwa. Kila mmoja achague nguo yake, aseme anachokumbuka, kama kawaida. Lakini kabla hajaenda nayo, akate kipande kimoja kwa mkono wake, na akishone mwenyewe kwenye vile viraka arobaini na kimoja. Nguo iende kwake, kipande kibaki kwa mtoto.

"Na nguo iliyokatwa nitaivaaje?" mmoja akauliza.

"Kata pindo. Kata ndani. Mahali unapotaka."

Tata Wangari alinitazama sana. Halafu akainama akainua ile blauzi ya maua, ileile, kama mtu aliyeweka kikombe chini akaenda kufungua mlango akarudi.

"Hii ni ya nani?"

Shangazi mdogo akasema, "Hiyo naijua. Aliivaa siku tulienda kuchukua ng'ombe wa mkopo wa kikundi, ng'ombe akamkanyaga, akalia kama mtoto, halafu akang'ang'ania ng'ombe aitwe Njeri."

Tulicheka. Nyambura pia, mkono mdomoni. Hakuwahi kuisikia hiyo.

Wakaendelea. Sketi. Sweta. Leso. Magauni yaliyobaki. Nilisikia mambo ya dada yangu ambayo sikuyajua, na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa na nguo zake miaka sita. Mmoja alikataa kwanza, akazunguka nyumba mara moja, akarudi akakata.

Koti la kijani lilibaki la mwisho. Tata Wangari alilichukua mwenyewe. Hakueleza siku yoyote. Alisema tu, "Aliniazima hili nikiwa na baridi. Nikamrudishia."

Nikampa makasi.

"Siwezi kutia chuma hapa," akasema.

"Hata ndani?"

Aligeuza koti. Akatafuta, akatafuta. Mwishowe akatoa bitana ya mfuko wa kulia, akaikata taratibu. Kilikuwa kitambaa cha kahawia, na upande mmoja kilikuwa kimeisha rangi na kulainika, pale vidole vya Njeri vilikuwa vinaingia asubuhi zote hizo.

Akavaa koti palepale. Lilimbana mabegani. Hakulivua hadi alipoenda.

Walishona hadi saa kumi. Mishono mingine ilikuwa mirefu kama hatua za mbuzi. Mmoja alishona kipande chake kikiwa kimegeuka, maua ndani. Mimi nilikuwa nimeikalia mikono yangu nisiingilie, kusema kweli. Nilipofika Lanet nilifumua cha kwanza ili nikinyooshe. Nikakitazama. Nikakirudisha kilivyokuwa, kwa mashimo yaleyale ya sindano.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Nyambura alikuja kukaa nami Lanet wiki mbili za hizo. Hakuna aliyemwomba, alisema anataka kuona. Tulikuwa tunashona nikitoka kazini, na Jumamosi mchana kwa dirisha la Mama Preet. Mama Preet alimpenda haraka. Alimwambia, "Wewe utakuwa nesi, shona vizuri, kesho utanishona mimi."

Siku ya tatu au ya nne, sikumbuki, nilimweleza Nyambura ile habari ya mstari. Niliona akienda bila kujua, nitakuwa nimempa blanketi na kumnyima ukweli. Nilimweleza kama nilivyowaeleza ninyi, bila kuongeza.

Aliendelea kushona. Alifika mwisho wa mshono wake, akakata uzi kwa meno.

Akasema, "Mama alikuwa anajua hivyo ndivyo uko. Alikuwa akikupigia ukiwa unashona, akikata simu anatuambia, 'Huyo hata nyumba ishike moto atasema namaliza mstari.' Alikuwa anacheka, Auntie."

"Hiyo siku hakuwa anacheka."

"Hiyo siku sikuwepo," akasema. "Wewe pia hukuwepo. Tuko wawili."

Akatunga uzi mwingine.

Sasa nijibu lile swali la motisha, maana ndilo lililonileta hapa. Sikuwa na ratiba ukutani. Kilichonisukuma ni simu. Kila Jumapili kabla ya kanisa ilikuwa inalia.

"Kipande changu umekifikia?"

"Bado, Tata, niko mstari wa sita."

"Changu kiko wa ngapi?"

"Wa tisa."

"Mbona umeniweka mbali? Ni kwa sababu ya mitumba?"

Walikuwa saba, na kila mmoja alikuwa na kipande chake anakiulizia. Miaka sita nilikuwa mwenyewe na gunia, hakuna mwenye haki ya kuniuliza, kwa sababu mimi mwenyewe niliwaondolea hiyo haki. Wiki tatu za kuulizwa zilifanya kazi ambayo miaka ya kujipa moyo haikufanya.

Pia niligundua kitu kimoja cha mkono wenyewe. Nilipofika mstari wa mwisho, mkono ulisimama kama kawaida. Nilimwambia Nyambura umesimama. Akaja akakaa upande wa pili wa meza, akaanza mstari huohuo kutoka kwake. Tukakutana katikati. Kama una kitu ambacho mwisho wake unakuogopesha, usiufikie peke yako.

Tulimalizia pindo Subukia, siku moja kabla ya kuripoti. Fundo la mwisho alifunga Nyambura. Tulilitandika kwa kitanda chake, na wanawake wakaja kuona vipande vyao. Tata Wangari alitafuta ule mfuko, akaupata, akapapasa, akasema mishono yake ndiyo imenyooka kuliko ya wote. Haikuwa kweli, lakini nani angebisha?

Nyambura alililalia usiku ule mmoja.

Asubuhi nilimkuta amefunga sanduku na ndoo. Blanketi halikuwa ndani. Nikafikiri amesahau.

"Silibebi, Auntie. Hostel watu huiba hadi sufuria."

Wiki sita zote zile.

Akaona uso wangu. Akasema, "Mimi nilikuwa nataka kujua kama ziko. Sasa najua."

Akalikunja mara nne, akaenda nalo jikoni. Nilimfuata. Shosho alikuwa ameinama anapuliza moto wa chai ya safari. Nyambura akaliweka kwa kiti kilicho karibu naye.

"Shosho, hili ni lako."

Mama yangu alitazama blanketi, akatazama mlangoni kama anayetafuta mtu wa kumkataza. "Mimi sigawiwi," akasema. "Ni nguo za mtoto wangu."

"Hujagawiwa," Nyambura akasema. "Hizi ni zangu, niliachiwa na mama. Mimi ndiye nakupa."

Wakuu, siku mbili za nguo, na zote mbili mama yangu alikuwa jikoni. Mimi ninayejidai naona kila kitu sikuwahi kuona hilo.

Shosho aliosha mikono kwanza. Akaikausha kwa aproni, mbele na nyuma. Kisha akalichukua, akalipakata, akakaa nalo. Chai ilichemka ikamwagika, na hakuna aliyeiepua.

Nilichojifunza ni hiki. Kazi uliyoiacha muda mrefu, kabla hujajiuliza utapata wapi nguvu, jiulize umekwamia wapi hasa, na ni nani uliyemfungia nje. Mimi nilitafuta motisha miaka sita, kumbe nilikuwa natafuta watu niliowafukuza mwenyewe. Na anza na ile unayoiogopa. Hizo ndogo zitakupa picha za kutuma tu.

Yule dada wa sweta, kama unasoma, usituambie ziko ngapi. Tuambie ulikuwa unamfumia nani. Na ninyi wengine mlio na kitu juu ya kabati, karibuni hapa chini: semeni ni nini, na ni nani anakingoja. Hata kama ameacha kuuliza.